Pasta akisema "Biblia inasema": jinsi ya kujua kama kweli inakufunga

Hii nimeandikia mtu ameokoka, anaamini Biblia ni neno la Mungu na hataki mchezo nayo, lakini kila wiki anaskia "Biblia inasema" kutoka kwa pasta wake, kutoka kwa mhubiri wa kwa mathree (matatu) anayeanza kuongea gari ikitoka tu steji, kutoka kwa wale jamaa wanahubiri bustani ya Jeevanjee mjini saa ya lanchi, na kutoka kwa klipu ya nabii fulani ambayo shangazi ametuma kwa grupu ya familia hata jua halijatoka, na hao wote hawasemi kitu moja. Mmoja anasema wanawake wasivae suruali, mwingine anasema leta mshahara wote wa Januari, mwingine anasema ukienda hospitali imani yako ni ndogo. Sasa utaskiza nani? Na gani kati ya hizo ukiikataa umemkataa Mungu, na gani ukiikataa umekataa tu maoni ya mtu?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ndio usiseme nilikuficha. Biblia inamfunga Mkristo, yote, si zile sehemu tamu za kuweka status peke yake. Na ju ndiyo inafunga, hakuna binadamu ana ruhusa ya kukufunga na kitu ambacho haijasema. Ukiachilia ya kwanza unajitungia dini yako, ukiachilia ya pili unakuwa mtumwa wa yeyote mwenye ameshika maikrofoni.

Na hii si maneno ya waasi. Waanglikana wako na zile Kanuni zao 39 za mwaka wa 1571, ya sita inasema Maandiko yana kila kitu kinachohitajika kwa wokovu, na jambo ambalo halisomwi humo wala haliwezi kuthibitishwa kwayo, mtu yeyote asilazimishwe kuliamini. PCEA (kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki) nao ni Wapresbiteri, na Ungamo la Westminster la 1646 linasema Mungu peke yake ndiye bwana wa dhamiri, na ameiacha huru mbali na mafundisho na amri za watu zilizo kinyume na neno lake. Wakatoliki wanaiona tofauti, kwao Maandiko na Mapokeo ya kanisa ni hazina moja na maaskofu pamoja na Papa ndio wana kazi ya kufafanua, lakini hata wao, kwa ile hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya 1965 inaitwa Dei Verbum, wameandika kwamba hiyo mamlaka ya kufundisha haiko juu ya neno la Mungu, inalitumikia. Kwa hivyo hata pasta wako awe na digrii ngapi na bodigadi wangapi, hakuna kanisa kubwa la zamani limewahi kumpa cheo cha kukaa juu ya hicho kitabu. Wale Waberoya wa Matendo 17:11 walimskiza Paulo, Paulo mwenyewe, halafu wakaenda kuchunguza Maandiko kila siku waone kama ni vile anasema, na Luka hakuwaita wakaidi, amewasifu.

Haya, tuanze kazi.

Kwanza pata mstari, sura na aya

Usibishane na kitu hujaona. Mtu akikwambia Biblia inasema, uliza kwa heshima, "mtumishi, iko kitabu gani?" Utashangaa ngapi zinaishia hapo. "Mungu humsaidia anayejisaidia" haiko. "Usafi ni sehemu ya ucha Mungu" haiko. "Pesa ndiyo chanzo cha maovu yote", nenda usome 1 Timotheo 6:10, shida imetajwa pale ni kupenda fedha, na hiyo inaweza kumshika hata mtu hana kitu kwa mfuko.

Ukishaipata isome kwa Biblia mbili. Watu wengi tuko na ile Union ya 1952, ni tamu kwa masikio na ndiyo imejaa kichwani kutoka Sandeskuli, lakini Kiswahili chake kingine ni kizito, so weka pia Habari Njema kando. Kama unasoma lugha ya mama vizuri ongeza hiyo. Simu iko na zote bure kwa hivyo hakuna kisingizio. Na ukiwa na rafiki Mkatoliki usianze vita ju yake iko na vitabu 73 na yako 66, mambo karibu yote yenye utaambiwa ufanye hapa mjini yanatoka kwa vile mnashare.

Halafu usisome mstari pekee. Anza sura ikianza, malizia ikiisha. Shetani kwa Mathayo 4 alimnukulia Yesu Zaburi ya 91, hakutunga kitu, maneno ni ya Biblia kabisa, ila alikata katikati na kuitumia kumwambia ajirushe kutoka juu ya hekalu. Na Yesu hakumjibu "wewe ni shetani siskizi", alimjibu "tena imeandikwa", yaani akaleta andiko lingine liketi kando ya hilo. Hiyo "tena imeandikwa" ndiyo chombo chako kikubwa, utaitumia sasa hivi.

Tuchukue moja tuikate pole pole: malimbuko

Nimechagua hii ju ndiyo inaumiza watu Nairobi kila mwaka. Venye inaenda ni hivi: Desemba kuna kesha, mwaka unafunguliwa kwa shangwe, halafu Jumapili ya kwanza ama ya pili ya Januari unapewa bahasha imechapishwa MALIMBUKO, mahali pa jina, mahali pa namba ya simu, mahali pa kiasi, na chini kabisa namba ya paybill. Inasomwa Kutoka 23:19, mnaambiwa mshahara wa kwanza wa mwaka wote ni wa Bwana, na ukiushikilia umejifungia mwaka. Na hiyo ni Njaanuari, karo, yunifomu, kodi ya nyumba, keateka ashaanza kubisha mlango akijifanya anauliza maji kama inafika.

Dada mmoja wa ushirika wetu huku Umoja alikuja na hiyo bahasha kwa mkoba. Mshahara haufiki elfu thelathini, ako na watoto wawili shuleni na mama yake ushago anameza dawa za presha kila siku. Hakuwa anatafuta njia ya kutoroka, alikuwa anaogopa Mungu kweli kweli, na mtu kama huyo ndiye hii mambo inammaliza. Tukafungua Biblia tukaanza kuuliza.

Mstari wote unasemaje? Kutoka 23:19 iko na sentensi mbili. Ya kwanza, malimbuko ya ardhi yako uyalete nyumbani mwa Bwana. Ya pili, usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Mstari mmoja huo! Nusu yake iko kwa bahasha, hiyo nusu ingine sijawahi skia ikihubiriwa, na hakuna mtu amewahi kuniuliza mbuzi ya Krismasi niliipika na nini. Dada akacheka, na ni akicheka hivyo ndio alianza kuona kuna kitu hakijakaa sawa. Kama amri inamfunga Mkristo wa Umoja moja kwa moja ju tu imeandikwa hapo, basi na ya mbuzi inamfunga. Kama ya mbuzi haimfungi hivyo, mtu lazima aeleze ni kwa nini hii ingine inafunga, na hayo maelezo nayo yatoke kwa Biblia, yasitoke kwa bajeti ya kanisa.

Nani anaambiwa, na kuhusu nini? Hapo tukaenda Kumbukumbu la Torati 26, ju huko ndiko malimbuko yameelezwa vizuri. Ni Waisraeli, wakishaingia nchi wamepewa, wanachukua matunda ya kwanza ya ardhi wanatia kwa kikapu. Kikapu! Hakuna kiasi kimetajwa, hakuna "yote". Anampelekea kuhani, anasimulia venye babu zao walikuwa watumwa Misri na Mungu akawatoa, na aya ya 11 inasema baada ya hapo ufurahie hayo mema, wewe na Mlawi na mgeni aliye kati yako. Yaani siku ya malimbuko ilikuwa siku watu wanakula pamoja wakishukuru. Dada akasoma hiyo aya mara ya pili kwa sauti. Hofu ya mwaka kufungwa haikuwa pale.

Yesu na mitume wameifanyia nini? Hili swali ndilo watu huruka na ndilo linabeba uzito kwa Mkristo, ju Yesu alisema hakuja kutangua torati bali kuitimiza, na kutimiza kunabadilisha venye inakufikia. Wapresbiteri huigawa torati mara tatu, sheria za maadili, sheria za ibada za hekalu na dhabihu, na sheria za taifa la Israeli, wanasema ya kwanza inaendelea na hizo zingine mbili zilimaliza kazi yake. Huo mgawanyo Biblia yenyewe haijauandikia vichwa, lakini unasaidia kufikiria. Malimbuko yalikuwa ya ardhi, ya kuhani, ya nyumba ya Bwana, na kitabu cha Waebrania kinakaa sura nzima nzima kikionyesha ukuhani umeishia kwa Kristo. Ukitafuta limbuko kwa Agano Jipya unapata Kristo mwenyewe aliyefufuka (1 Wakorintho 15:20), unapata Roho (Warumi 8:23), unapata Epaineto, mtu wa kwanza kuamini Asia (Warumi 16:5). Hakuna mahali mtume aliambia kanisa lilete mapato yote ya mwezi wa kwanza.

Kuna andiko lingine linaketi kando? Tena imeandikwa. Marko 7, Yesu anawakaripia Mafarisayo ju mtu angesema pesa yake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa hivyo haiwezi kusaidia baba na mama, na wakubwa wa dini wanamwacha hivyo. Akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Hapo dada alinyamaza, anafikiria dawa za mama yake. Ongeza 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini. Hizi si maoni yangu, ni amri, na ziko wazi kuliko ile ya bahasha.

Na mwisho, nini imebaki inayofunga? Usiruke hapa. Ukitoka na "kumbe sihitajiki kutoa" umefanya kazi nusu. Mithali 3:9 bado inafundisha umheshimu Bwana na mali yako, umpe ya mbele, si mabaki yenye yameangukia chini ya kiti. 1 Wakorintho 16:2, weka akiba kadiri ya kufanikiwa kwako. 2 Wakorintho 9:7, kila mtu kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Na Paulo ametetea wahubiri wa injili walipwe, kwa hivyo pasta wako anafaa kula, usimfanye mbaya. Dada akaamua kiasi chake mwenyewe, akatuma dawa za mama kwanza, na hiyo Jumapili akatoa sadaka bila kujaza bahasha.

Fungu la kumi mtaniuliza. Hiyo ni mjadala mrefu na watu wazuri wako pande zote mbili, Yesu kwa Mathayo 23:23 aliongea nayo na Mafarisayo bila kuidharau, so sitaikata hapa. Ila kabla ufungwe na Malaki 3:10 peke yake nenda usome Kumbukumbu 14:22 hadi 29, uone nani alikuwa anakula hilo fungu, na ukifika aya ya 26 mahali inasema na hiyo pesa ununue chochote roho yako inatamani, divai ikiwemo, ukule mbele za Bwana na jamaa yako, uniambie kama umewahi skia ikisomwa siku ya matoleo.

Sasa jigeuzie wewe mwenyewe

Hii njia haijawekwa ya kutoroka tu. Watu wa Nairobi tumeshajua kusema "hiyo ni ya Agano la Kale" kwa kila kitu kinatuuma. Pima na zile unataka kukataa.

Mfano, mama fua amekuja Jumamosi, amefua blanketi tatu na nguo za familia nzima, mikono imekunjamana, ikifika kulipa unamwambia "nitakutumia jioni", jioni inakuwa Jumatatu, Jumatatu unamwambia M-Pesa ilikuwa na shida. Kumbukumbu 24:15 inasema mpe ujira wake siku hiyo hiyo, jua lisichwe, ju ni maskini na moyo wake unautegemea. Agano la Kale, sawa. Lakini pitisha kwa maswali yale yale: Je, ilikuwa ya hekalu? Hapana. Ilikuwa ya Waisraeli tu? Aya ya 14 inataja mpaka mgeni. Mitume wameifanyia nini? Yakobo 5:4 anaichukua anaongeza moto, anasema huo ujira mmeuzuia unapiga kelele na vilio vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Hiyo inakufunga. Inakufunga hata kama ushirika wenu uko kwako kila Alhamisi na unapika chapati za watu wote.

Kitu kidogo nayo? Kutoka 23:8, usipokee rushwa. Sura ile ile ya malimbuko na mbuzi, na hii haijaachwa huko nyuma, ju Yohana Mbatizaji kwa Luka 3:14 anawaambia askari wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Umeona venye sura moja inaweza kuwa na amri tatu na zote tatu zikufikie kwa njia tofauti? Ndio maana "imeandikwa" pekee haitoshi na "ni ya zamani" pekee pia haitoshi.

Kuna mahali utafika na watu wanaopenda Biblia kama wewe hawatakubaliana na wewe. Waadventista watakwambia Sabato iko kwa Amri Kumi kwa hivyo haijaenda mahali, sisi wengine tunaenda Jumapili na tunasoma Warumi 14:5 na Wakolosai 2:16. Mimi niko na msimamo, lakini jirani yangu Msabato akifunga duka lake Ijumaa jioni kwa ajili ya Bwana siwezi kumwita mpotevu, na yeye akiniona Jumapili na Biblia kwapani hajawahi niita hivyo.

Biblia ikinyamaza

Hapa kuna makosa mawili. Moja ni kusema Biblia haijataja kwa hivyo pasta akitaja ni sheria. Ndio unaskia usisuke rasta, usivae nyekundu, usiangalie mpira. Anaweza kukushauri, na ushauri wa mtu mzima uskize, lakini ushauri si amri ya Mungu na asikuwekee jehanamu hapo.

Kosa la pili ni kinyume, kusema haijataja kwa hivyo ni sawa. Historia yetu iko na mfano mkali. Mwaka wa 1929, misheni za huku Ukikuyuni zilitaka Wakristo wao waweke sahihi ama kidole gumba kukataa tohara ya wasichana, watu wakaita hiyo kirore. Agano Jipya la Kikuyu lilikuwa limetoka 1926, watu wanajisomea wenyewe, na wengi wakauliza, mnatuambia hii ni sheria ya Mungu, iko sura gani? Wakatoka, wakaanzisha makanisa na shule zao. Mimi nikiangalia naona swali lao lilikuwa halali kabisa, wazungu walikuwa wamechanganya Injili na mambo mengi ya kwao na watu walichoka kufungwa na mila ya Scotland. Lakini jibu la "haijakatazwa" nalo halikutosha. Andiko halihitaji kutaja kila kitu kwa jina ndio likifikie. Upendo haumfanyii jirani neno baya, Warumi 13:10, na kukata mwili wa msichana na kumwachia madhara ya maisha kunaanguka hapo bila kusukumwa. Serikali iliweka sheria ya kupiga marufuku 2011, na Mkristo hakuhitaji kungoja bunge. So ikinyamaza usiulize tu "imekatazwa?", uliza "ni amri gani kubwa inagusa hapa?"

Nabii akisema "Bwana ameniambia"

Fupi. Neno la nabii halina nguvu sawa na Maandiko, hata awe amekutajia jina la nyanya yako na rangi ya geti lenu. 1 Wakorintho 14:29 inasema manabii waongee na wengine wapambanue. 1 Wathesalonike 5:21, jaribuni mambo yote. Kumbukumbu 13 inaenda mbali zaidi, inasema hata ishara ikitimia, kama anakupeleka kwa miungu mingine usimskize. Kutimia si pasi ya kufanya chochote.

Shakahola 2023 iko karibu sana tuisahau. Watu waliambiwa wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu, watoto pia, na zaidi ya miili 400 ikafukuliwa kwa ule msitu wa Kilifi. Wengi hapo walikuwa watu wa kusoma Biblia. Lakini hakuna mtu aliachwa kuuliza "tena imeandikwa". Kufunga kumeandikwa, ndiyo, na tena imeandikwa kwa Isaya 58 kufunga kunaotakiwa ni kumgawia mwenye njaa mkate wako. Kurudi kwa Yesu kumeandikwa, na tena imeandikwa hakuna ajuaye siku wala saa. Mtu akikukataza hospitali, Yesu mwenyewe alisema wenye hawawezi ndio wanahitaji tabibu, na Paulo akamwandikia Timotheo dawa ya tumbo. Ukiona mahali kuuliza ni dhambi, toka na watoto wako kwanza, maswali utamalizia ukiwa barabarani.

Kuongea na pasta bila kuharibu

Umepima, umeona hii amri haijasimama. Usiende kwa grupu ya kanisa kuandika insha saa tano usiku. Usimrekodi. 1 Timotheo 5:1 inasema mzee usimkemee, umsihi kama baba, na Mathayo 18 inaanza na wewe na yeye peke yenu. Biblia yenyewe inakufunga kwa venye utaongea, na Waebrania 13:17 inasema watii wanaokuongoza, kwa hivyo anza na moyo wa kutaka kuskia, anaweza kuwa na kitu hukuona.

Meseji inaweza kuwa hivi tu: "Bwana asifiwe pasta. Asante kwa neno la Jumapili. Nimesoma Kutoka 23 na Kumbukumbu 26 na Marko 7 na kuna kitu sielewi kuhusu malimbuko. Naomba dakika chache baada ya ibada unisaidie." Usitume aya ishirini. Tatu zinatosha.

Halafu angalia jibu linakujaje. Wachungaji wengi wa huku mtaani ni watu wa kawaida, wengine hawakupata chuo, wanahubiri venye walihubiriwa, na ukiwauliza vizuri watafungua Biblia muangalie pamoja. Huyo mshike, hata kama mwisho hamkubaliani. Mwingine atakwambia "hii ni maono ya kanisa". Sawa, maono ya kanisa unaweza kuunga ama usiunge, ilimradi amekubali si amri ya Mungu.

Mwingine atakupiga na "msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu. Usiogope, nenda Zaburi 105 uanze aya ya 12. Masihi wanaotajwa ni Ibrahimu na Isaka na Yakobo, wachache, wageni, wanatangatanga bila ulinzi, na wanaokemewa ni wafalme wenye nguvu ya kuwaumiza. Yaani huo mstari unamlinda mdogo kutoka kwa mkubwa. Na hata huyo Ibrahimu, akidanganya Abimeleki kuhusu Sara kwa Mwanzo 20, Abimeleki alimuita akamuuliza umetutenda nini, na Mungu hakumpiga kwa kuuliza. Nathani alimwambia Daudi wewe ndiwe mtu huyo. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso. Halafu 1 Yohana 2:20 inasema waumini wote wamepakwa mafuta na yeye aliye Mtakatifu, kwa hivyo ukiwa umeketi hapo kwa kiti cha plastiki na swali lako, wewe pia ni mpakwa mafuta na yeye pia asikuguse.

Na kuna wa mwisho, huyo atakwambia uko na roho ya uasi, na kuasi ni kama dhambi ya uchawi, 1 Samweli 15:23. Utaiskia hii, iko karibu kila kanisa la mabati na la marumaru. Fungua sura yote, hapo hapo mbele yake kama unaweza. Samweli hakuwa anaongea na muumini amekataa kutii kiongozi. Alikuwa anaongea na Sauli, mfalme, kiongozi mwenyewe, aliyepewa neno la Bwana waziwazi halafu akalipunguza akaweka kondoo na ng'ombe wanono kando, akasema ni za dhabihu. Na mstari hauishii kwa uchawi, unaendelea: kwa kuwa umelikataa neno la Bwana, yeye naye amekukataa wewe usiwe mfalme.